Omu Nane za Mgongoni mwa Sumaku

Mgongoni mwa sumaku ya spika huwa pamebandikwa karatasi ndogo: inchi 12, wati ambazo nusu yake ni majigambo, na omu 8. Aliyeinunua anafika nayo nyumbani, anachukua ile mita ndogo ya njano inayouzwa kila kona, anazungusha swichi upande wa omu na kugusisha ncha zake kwenye vichwa viwili vya spika. Mita inasoma 6.2. Hapo hapo anajua kapigwa. Kesho yake yuko dukani, spika kwapani na mita mkononi, na muuzaji hana la kujibu zaidi ya kuapa kwamba mali ni orijino. Ubishi huu ni wa kila siku Kariakoo, na unachekesha kwa sababu pande zote mbili zinasema kweli.

Ile 6.2 ni kweli tupu. Ni ukinzani wa uzi wa shaba uliozungushwa kwenye koili, na mita imeupata kwa njia fupi: betri yake imesukuma mkondo mdogo mnyoofu kwenye waya, volti zikapimwa, hesabu ya kugawanya ikafanyika. Georg Ohm alishaichapisha kanuni hiyo mwaka 1827. Spika nzima ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 kwa mita, na ya omu 4 husoma 3 na ushei. Mwenye nazo alale usingizi. (Kabla ya kusoma chochote, gusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Ikionyesha 0.4, hiyo ni ya nyaya za mita. Itoe.)

Lakini hakuna anayenunua spika ili aipitishie betri. Muziki ni mkondo geu, unakwenda na kurudi mara 40 kwa sekunde kwenye besi, maelfu ya mara kwenye matoazi. Koili imening'inia ndani ya pengo jembamba la sumaku. Mkondo ukienda koili inatoka mbele, ukirudi inarudi nyuma, na karatasi ya spika inaifuata. Na waya wowote unaotembea ndani ya sumaku huzalisha umeme. Kwa hiyo spika inayocheza ni jenereta vilevile, na umeme wake unaelekea kinyume cha ule unaotoka kwenye amplifaya. Amplifaya inakutana na waya pamoja na mwili mzima unaotingishika: uzito wa karatasi, ugumu wa kitambaa cha mikunjo kinachoishikilia koili, ukingo wa mpira, hewa ya mbele na ya nyuma. Jumla ya kizuizi hicho ndiyo impidansi. Haina namba moja; kila toni ina yake.

Fikiria pembea ya watoto. Ukiisukuma ovyo unachoka, ukiisukuma kwa mwendo wake kidole kinatosha. Spika nayo ina mwendo wake, pengine hezi 40 (mara 40 kwa sekunde) kwa wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12. Kwenye toni hiyo mkondo kidogo unaitembeza mbali, umeme wa kurudi unakuwa mwingi, na impidansi inapanda hadi omu 50; zipo zinazofika 100. Ukishapita hapo inaporomoka, na kwenye hezi mia mbili tatu inakuwa juu kidogo tu ya ukinzani wa waya. Kisha inaanza kupanda tena taratibu kuelekea toni nyembamba, maana waya uliozungushwa hukataa mkondo unaogeuka upesi.

Sasa 8 iko wapi hapo? Ni namba ya makubaliano. Kiwango cha IEC namba 60268-5 kinataka impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyotangazwa, ndani ya masafa ambayo spika imekusudiwa. Asilimia 80 ya 8 ni 6.4. Kwa maneno mengine, kiwanda kinaiahidi amplifaya yako kwamba haitabebeshwa mzigo mzito kuliko huo. Basi.

Yupo fundi mmoja, mtu mzima ambaye vijana humpa shikamoo kabla ya kumpa kazi, na kwake makubaliano hayo hayatoshi. Nikipata nafasi hupenda kukaa nimtazame akipima.

Anaanza na mikono. Spika inalazwa chali, vidole vinaenezwa kuizunguka karatasi, anaisukuma chini taratibu, sikio limeinama. Koili inayogusa chuma hukwaruza, na vidole huujua mkwaruzo huo kabla ya sikio. Kisha unakuja mchezo anaowafanyia wanagenzi wapya. Anaigonga karatasi kwa kidole; wufa inajibu bummm, ndefu. Anaviunganisha vichwa viwili vya spika kwa kipande cha waya, anagonga tena. Tup. Fupi, kavu. Hakuna amplifaya iliyounganishwa, hakuna betri. Koili ilipotembea ilizalisha umeme, umeme ukapata njia ya kuzunguka, ukairudi koili yenyewe na kuizuia. Vijana hucheka, wengine huomba kugonga wenyewe.

"Hicho ndicho mnachotaka kukipima," anawaambia. "Mita yenu haijui hata kama kipo."

Vifaa vyake havitishi. Simu yenye programu ya kutoa toni, amplifaya ndogo, rezista ya omu 1000, rezista nyingine ya omu 10 ambayo kosa lake halizidi asilimia 1, na mita nzuri inayosoma milivolti za mkondo geu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomgharimu. Mita ya njano haifai kwa kazi hii kwa sababu kipimo chake cha chini kabisa cha mkondo geu ni volti 200, haitaona kitu. Na mita nyingi za bei nafuu, hata zile zenye milivolti, huanza kudanganya toni ikizidi hezi mia nne hivi.

Rezista ya 1000 inakaa njiani, kati ya amplifaya na spika. Kwa kuwa ni kubwa kuliko chochote kitakachoonyeshwa na spika, ndiyo inayoutawala mkondo; spika ibadilike itakavyo, mkondo unabaki karibu ule ule. Mahali pa spika anaweka kwanza ile rezista ya omu 10, anaongeza sauti ya amplifaya kidogo kidogo mpaka mita isome milivolti 10 kamili. Anaitoa, anaunga spika. Tangu hapo kila milivolti moja ni omu moja. Hapigi hesabu, anasoma tu. Ukiniuliza mimi, hapa pana uzuri zaidi ya kwenye amplifaya nyingi za bei mbaya: rezista mbili za shilingi chache zimeigeuza mita ya volti kuwa mita ya impidansi. Kwenye kilele, impidansi inapokuwa kubwa, mkondo hupungua kidogo na mita husoma pungufu kwa asilimia nne au tano. Analijua hilo, anarekebisha kwa kalkuleta.

Spika haiwekwi mezani. Inaning'inizwa kwa kamba kwenye hewa wazi, mbali na ukuta, ili isipate boksi la bandia. Na sauti huwa hafifu, miliampia moja tu, kwa hiyo nje pakiwa na fujo huisikii. Fujo hiyo ina kisa chake. Lori likipita barabarani, mngurumo wake unaitikisa karatasi ya wufa, koili inazalisha umeme, tarakimu za mita zinarukaruka. Wufa imegeuka maikrofoni. Fundi anaweka kalamu chini, anasubiri lori likunje kona, anaendelea.

Hezi 20, anasoma, anaandika. 25, 30. Akikaribia kilele anapunguza hatua, anakwenda hezi moja moja, maana huko namba hubadilika haraka na aliyeruka hatua amekikosa kilele. Karatasi yake ya grafu ni ya daftari la shule, ila mistari ya chini ameichora mwenyewe: kutoka 20 hadi 40 upana ule ule wa kutoka 40 hadi 80, na wa kutoka 80 hadi 160, kwa sababu sikio husikia kwa kuzidisha mara mbili. Kwa kuhakikisha kilele ana osiloskopu ya zamani, nzito, yenye kioo cha kijani. Upande mmoja wa ishara unaingizwa kwa mlalo, mwingine kwa wima, na kiooni panatokea umbo la yai lililoinama. Toni ikisogea kuelekea kwenye mwendo wa spika, yai linabonyea, linakuwa jembamba, na penyewe hasa linafunga kuwa mstari mmoja. Hezi nusu zaidi, linafunguka tena. Jicho linaiona toni hiyo kwa usahihi ambao tarakimu za mita haziwezi.

Grafu ikikamilika anaanza kuichuma. Tuseme waya unasoma omu 6, kilele ni 54, kwenye hezi 40. Anazidisha 6 kwa 54, anapata 324, kipeuo chake cha pili ni 18. Anatafuta mahali pawili, kushoto na kulia kwa kilele, ambapo mchoro unapita kwenye omu 18: hezi 32 na hezi 50. Anajikagua kwa kuzidisha 32 kwa 50. Jibu ni 1600, kipeuo chake ni 40, ndicho kilele. Zisipokubaliana, kuna toni aliyoisoma vibaya, anairudia. Kutokana na namba hizo chache anajua ni kwa kiasi gani spika inajizuia yenyewe isivume. Kwa mfano wetu jibu ni 0.74, na wufa ya namna hiyo ukiitia kwenye boksi dogo lenye tundu itavuma, itakachokusikilizisha ni besi iliyovimba.

Njia hii ya kuisoma spika ilipangwa na Neville Thiele, mhandisi wa Australia, mwaka 1961. Aliichapisha kwao na haikusumbua watu wengi hadi mwaka 1971, ilipochapishwa upya Marekani. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaiendeleza. Leo karatasi ya maelezo ya wufa yoyote ya maana inabeba namba zao.

Chanzo ni cha zamani zaidi. Mwaka 1912, Arthur Kennelly, mzaliwa wa Bombay aliyewahi kufanya kazi kwa Edison, pamoja na George Pierce, walipima vipokezi vya simu kwa namna ambayo mtu anaweza kuirudia mezani kwake. Walikizuia kidiski cha kipokezi kisitikisike, wakapima impidansi. Wakakiachia, wakapima tena. Waya ni ule ule, sumaku ile ile, namba tofauti. Tofauti hiyo yote imetoka kwenye mwendo. Fundi wetu hajawasoma, lakini jaribio analo. Mita ikiwa kwenye kilele, inasoma 54, anaweka kiganja juu ya karatasi ya wufa na kuibana isitikisike. Namba inaanguka mpaka karibu na 6. Anaachia, inapanda. Anabana, inaanguka. Nimeona watu waliokuja kudai hela zao wakinyamaza mbele ya kitendo hicho.

Boksi nalo lina saini yake. Likiwa na tundu la besi, kilele kimoja hugeuka viwili, na katikati yake panakuwa na bonde. Chini kabisa mwa bonde ndiyo toni ya boksi lenyewe: hapo hewa ya tunduni inafanya kazi karibu yote, karatasi ya spika imetulia, koili haizalishi kitu, na impidansi inarudi kwenye ukinzani wa waya. Ukilijaza tundu matambara, vilele viwili vinaungana kuwa kimoja. Seremala aliyeambiwa tundu liwe la hezi 45 na akalikata kwa kukisia, grafu inamtaja. Mbao isiyogundishwa vizuri nayo huacha kikunjo kidogo kwenye mstari, huko mia mbili au mia tatu, mahali ambapo mstari ulitakiwa kuwa laini.

Kisha kuna joto. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Ndiyo maana fundi hupima waya asubuhi, spika ikiwa haijachezeshwa. Usiku wa harusi hali ni nyingine: koili ikifika nyuzi 200, waya uliokuwa omu 6 ni omu 10, amplifaya inatoa wati chache, DJ anasikia besi imepungua na anaongeza sauti. Joto linazidi. Harufu ya vanishi inayoungua huja kabla ya saa nane za usiku, na asubuhi kuna mteja kibandani.

Zipo spika ambazo mita ya omu huzihukumu vibaya kabisa. Twita za piezo, zile za plastiki zisizo na koili, husoma kama waya uliokatika, na watu wamezitupa zikiwa nzima. Twita yenye kapasita mbele yake husoma hivyo hivyo, kwa sababu kapasita haipitishi umeme wa betri. Mfano wangu wa kupendeza zaidi uko juu ya minara ya misikiti. Honi nyingi za huko huendeshwa kwa mfumo wa volti 100, na ndani ya kila moja kuna transfoma. Honi ya wati 30 kwenye mfumo huo ni mzigo wa omu 333: volti 100 mara 100, gawanya kwa 30. Mita ikiguswa kwenye nyaya zake inasoma makumi machache tu, maana inaona waya wa transfoma. Mtu akijumlisha mzigo wa msikiti kwa mita hiyo atanunua amplifaya mara kadhaa ya inayohitajika, au atasema hii iliyopo itaungua kesho, na hiyo iliyopo inaendelea na adhana tano kwa siku.

Siku hizi kompyuta yenye programu inachora mstari wote kwa sekunde chache, pamoja na yale mahesabu. Sina ugomvi nayo, na kijana anayefanya kazi meza ya pili anaitumia. Ila nimegundua kwamba aliyeandika namba moja moja kwa mkono huujua mstari wake. Ukimuuliza kwenye hezi 37 ilikuwa ngapi, anakujibu bila kutazama.

Kazi ya mwisho niliyomwona akiifanya ilikuwa ya wufa mbili za kanisa moja, inchi 12, pacha. Moja iliungua, akaifunga koili mpya, karatasi mpya na kitambaa kipya, akaiweka koili katikati ya pengo kwa vipande vya filamu ya eksirei kama ilivyo desturi, gundi ikakauka usiku kucha. Mwenye mali alifika mapema.

"Shikamoo, fundi. Zimekubaliana?"

"Marahaba. Subiri kwanza."

Mita ya omu ilisoma 6.0 kwa ile nzima na 6.0 kwa iliyofungwa. Mteja akatoa pochi. Fundi akazining'iniza zote mbili. Ile nzima ilifika 54 kwenye hezi 40, mstari wake umesimama kama kawaida. Iliyofungwa ilifika 31 tu, kwenye hezi 46, na kilele chake kilikuwa kipana na cha bapa.

Kuhusu hezi 46 hakujali. Kitambaa kipya ni kigumu, kikichezeshwa wiki kadhaa kitalegea na toni itashuka. Kilichomsumbua ni ule ubapa. Kilele kikishuka na kutanuka namna hiyo, kuna kitu kinaula mwendo, na kwa spika iliyofungwa jana kitu hicho mara nyingi ni koili inayogusa chuma. Akaweka toni ya hezi 20, akaongeza sauti kidogo, akainamisha sikio, akapitisha kidole pole pole kuzunguka ukingo. Upande wa kushoto, karibu na vichwa vya waya, akasimama. Mimi sikusikia kitu. Mteja naye hakusikia.

"Mita zimesoma sawa, fundi," mteja akasema. "Jumapili tunazihitaji."

"Jumapili utazipata, mdogo wangu. Leo ni Alhamisi." Akavuta kiti, akachukua wembe na kuanza kuikata gundi ya kofia ya katikati, ili afike kwenye koili.